Plagi Nane za Pikapu ya Mkate

Watu wengi hawaamini mpaka uwafungulie boneti. Injini ya silinda nne, plagi nane. Ukisimama upande mmoja unaona nne zimejipanga, ukizunguka upande wa pili unaona nne nyingine, na distributa inayozigawia umeme imejaa waya kila upande kama kichwa cha mtoto aliyesukwa na mtu mwenye haraka. Fundi asiyeizoea huangalia upande uliomkabili, akaona nne, akaridhika, akafunga boneti na kwenda zake.

Mimi nilizijua tangu utotoni. Baba yetu alikuwa na gereji ndogo Nakuru, na mimi ndiye niliyemshikia tochi, kwa sababu dada yangu mkubwa alichukia grisi. Yeye alipenda unga. Ndiyo maana alipokuja Juba alifungua duka la kuoka mkate hapa Buluk, na ndiyo maana mimi nilipoachwa na mume alinipigia simu akaniambia njoo, jenereta inanisumbua, mashine ya kukanda inanisumbua, pikapu inanisumbua. Hakutaja kwamba alikuwa na hofu nitakonda nikikaa peke yangu. Sote wawili tuna hasira, ila yake hutokea mdomoni na yangu hutokea mikononi, kwa hiyo tunapogombana yeye hupiga kelele nami huenda kufungua kitu chenye nati.

Pikapu ile ilikuwa kuukuu na rangi yake ilikuwa imechujuka, lakini kazi ilikuwa ikifanya. Asubuhi ilipeleka mkate kwenye hoteli na ofisi za Thongpiny, kisha ikashika njia ya Bilpam kwenye maduka madogo madogo. Dereva alikuwa mzee wa hapa hapa, mtu wa makamo aliyemaliza miaka yake ya ukimbizi Kenya. Kiswahili chake kilikuwa cha Lodwar na Kitale, kikichanganyika na Kiarabu cha Juba pale alipokasirika, na hakukasirika mara nyingi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kila siku ya Mungu. Mkate alikuwa akiufunika kwa shuka safi ili vumbi lisiuguse, na penye mashimo alipunguza mwendo hadi waendesha boda wakamtukana, maana mkate wa moto ukirushwarushwa hulala, yaani hubonyea. Nilimpenda yule mzee. Nasema wazi tangu sasa ili msomaji ajue nilisimama upande gani.

Shida ilikuwa petroli. Msimu ule wa mvua ilikuwa adimu. Vituoni foleni ilizunguka kona, na kando ya barabara kina mama walipanga meza za petroli kwenye chupa za maji, ikimetameta juani kama soda. Mke wa dereva alikuwa mmoja wao, meza yake iko Bilpam, karibu na nyumba yao. Hilo halikuwa siri na halikuwa kosa. Lakini pikapu ilianza kunywa. Tangi ambalo zamani lilimaliza wiki likawa haliwezi hata kuikaribia wikendi. Dada akauliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa jicho, na kila mara mzee akajibu kwamba gari limekuwa zito, hajui lina nini.

Halafu asubuhi moja, mkate wa kwanza umeshatoka na vijana wanapakia, dada akaenda kutafuta ile shuka ya kufunikia. Nyuma ya kiti cha dereva akakuta chupa tupu za maji, kadhaa, zinanuka petroli. Hakumwita mzee kando. Alizibeba zote, akazipanga juu ya meza ya kupakilia, mbele ya furuni, ndivyo Juba wanavyoliita tanuri la mkate, na kila mtu akiangalia.

“Mzee, hizi za nini?”

Mzee akazitazama zile chupa.

“Mke wako anauza nini kule Bilpam? Si anauza petroli? Kumbe mimi ndiye kituo chenu!”

Wapakiaji wakasimama na trei mikononi. Mchomaji wetu wa mkate, ambaye mdomo wake haupumziki, akaacha hadithi yake katikati. Mzee alitoa kitambaa mfukoni, akaufuta ufunguo wa gari kama alivyoufuta kila jioni, akauweka juu ya meza palipokuwa na unga kidogo.

“Madam,” akasema kwa Kiarabu chake, “ana ma harami. Mimi si mwizi.”

Akatoka kwa miguu. Alikuwa na mwendo mrefu mbele yake hadi Bilpam, na matope yale.

Nilimgeukia dada. Nikamwambia kwamba hata kama ni kweli, mtu mzima hasemwi hivyo mbele ya vijana anaowatuma, na kwamba mama yetu angemsikia angeona haya. Yeye naye machozi yalikuwa karibu, lakini hasira ilitangulia. “Basi niambie wewe, fundi! Petroli inaenda wapi?” Nilikuwa nikimwamini mzee, na bado nilikuwa nikiziona zile chupa.

Kesho yake nikapeleka mkate mwenyewe, na kabla sijafika Thongpiny nilijua kuna jambo. Gari lilikuwa linawaka vizuri na kutembea, lakini ukikanyaga ni kama unamwomba mtu aliyechoka ainuke. Kwenye mwinuko mdogo wa barabara ya Bilpam, mahali pa gia ya tatu, nilirudi ya pili, mguu wangu ukiwa umekandamiza hadi chini. Yaani mzee alikuwa akiendesha hivi kila siku, na mkate haukulala hata mmoja.

Nilirudi, nikaiacha injini ikiunguruma, nikafungua boneti, nikachukua koleo lenye mpira. Hapa inabidi nieleze kidogo, maana bila hili hadithi haina miguu.

Ndani ya silinda, hewa na petroli huingia, pistoni hupanda na kuvikandamiza, kisha plagi hutoa cheche. Watu hudhani vinalipuka vyote kwa mpigo. Sivyo. Moto huanzia penye cheche, halafu hutembea. Silinda ikiwa pana, moto wa plagi moja una safari ndefu, na pistoni haimsubiri mtu. Inashuka moto ukiwa bado njiani, na nguvu nyingine inapotea bure. Injini hii pia imeundwa kujirudishia moshi kidogo ndani, ili isitoe sumu nyingi nje, na mchanganyiko uliotiwa moshi ni mvivu kuwaka. Kwa hiyo walioiunda wakaipa kila silinda plagi mbili zinazotazamana, moja upande hewa inapoingilia, nyingine upande wa ekzosi. Zinapiga pamoja. Mioto miwili inaanza pande mbili, inakutana katikati, safari inakuwa nusu na mchanganyiko unaungua wote. Kila upande una koili yake ya kuupa umeme.

Injini hiyo ikiwa nzima, ukichomoa waya wa plagi moja haigutuki sana, mwenzake anabeba. Mimi nilichomoa waya mmoja upande wa hewa, na injini ikatetemeka kama ina homa. Silinda nzima ilikuwa imekufa. Nikaurudisha, nikaenda upande wa ekzosi, nikachomoa mmoja. Hakuna kitu. Nikachomoa wa pili, wa tatu, wa nne. Injini ikaendelea kuunguruma vile vile, haina habari. Nilipozifungua plagi za upande ule, zilikuwa nyeusi na zimelowa petroli mbichi, wakati za upande wa pili zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Upande mzima ulikuwa umelala, na gari likitembea kwa nusu ya moto wake.

Nilikaa chini kwenye kreti ya soda. Niseme ukweli, nililia kidogo, kwa furaha na kwa uchungu pamoja. Gari likikosa kuwaka, dereva husema limeharibika na kila mtu huamini. Hili lilikuwa linawaka kila asubuhi. Lingemtetea vipi mzee?

Koili ya upande wa ekzosi ilikuwa imekufa, na ilikuwa imefungwa kwa bolti mpya. Mtu alikuwa ameigusa. Nikakumbuka kwamba mwanzoni mwa mvua gari liliwahi kuzimika njiani na mkate ukiwa ndani, na fundi Mganda mwenye kibanda mtaa wa nyuma ndiye aliyekwenda kuliokoa. Nikamwita. Alikuja na tabasamu, akaangalia nilipomwonyesha, wala hakuona ajabu.

“Sista, hiyo siku gari ilizima kabisa. Mimi iliona koili ya huku kwa hewa imekufa, na ya kule kwa ekzosi ni mzima lakini waya yake imelegea. Nikatoa mzima ya kule, nikaweka huku. Ile mufu nikarudisha kule. Gari ikawaka, mzee akaenda na mikate yake.”

“Na kule ukaacha hakuna umeme?”

“Si kule iko ya speya? Silinda iko nne. Plagi nne inafanya kazi, nne inangoja. Ingine ikikufa unabadilisha.”

Nilikuwa na spana mkononi na nilitamani kuitumia vibaya. Lakini nilipomwangalia nikaona hana ujanja, anasema kama mtu anayesema jua limechomoza. Na hapo hasira ikaniisha, kwa sababu nilielewa amelitoa wapi wazo hilo. Hapa mjini nani ana kitu kimoja? Simu zetu zina laini mbili, mtandao mmoja ukilala utumie mwingine. Duka lina jenereta mbili, moja ikiwa mbovu. Matangi ya maji mawili, mitungi ya gesi miwili. Kila cha pili Juba ni cha kungojea cha kwanza kife. Nani angemwambia kwamba mtu ameweka viwili ili vifanye kazi pamoja, kila siku, kutoka siku ya kwanza?

Nilipomweleza, tabasamu lilimtoka. Nikamwambia pia kuhusu mzee. Akavua kofia.

“Sasa mzee amefukuzwa juu ya mimi?”

Kusema haki, hakujitetea tena. Aliagiza koili Kampala siku ile ile, ikaja na basi, na akasimama nami tukiifunga pamoja na plagi mpya. Tulipowasha, injini ilitoa sauti niliyoisahau, nene na tulivu. Nikachomoa waya mmoja. Ilisita kidogo tu, ikaendelea. Nikamwita dada, nikamwonyesha yote kwa utaratibu, na nikaona uso wake ukibadilika kidogo kidogo. Akavua aproni.

“Twende Bilpam,” akasema. Akatia mkate wa moto kwenye mfuko, mwingi, akanitangulia garini.

Mke wa mzee alikuwa kwenye meza yake, amejifunga begani laawa ya bluu, ile shuka wanayovaa kina mama wa hapa. Alituona, akainuka, akatuletea viti na maji ya kunywa kama ilivyo desturi, bila kukunja uso na bila kuukunjua. Mzee akatoka ndani. Shati limepigwa pasi. Sijui lilipigwa pasi kwenda wapi, maana kazi hakuwa nayo.

Dada akasema yote. Kwamba ni injini, kwamba amekosa, kwamba anaomba arudi. Mzee alisikiliza akitazama mikono yake.

“Madam, malesh yako, samahani yako, nimesikia,” akasema. “Lakini hukunisema hapa. Ulinisema mbele ya furuni, na wale watoto wote wako pale. Jirani zangu wengine wananunua mkate kwao, wamesikia pia. Kwetu mtu akisemwa mbele ya watu, anasafishwa mbele ya watu wale wale. Kesho nitakuja na mama ya watoto. Huyu mdogo wako aeleze hiyo mambo ya plagi, kila mtu asikie. Halafu wewe useme. Kama hapana, kalas, basi, tubaki marafiki tu.”

Mkate tulipewa turudi nao nusu, eti ni mwingi mno. Njiani dada akasema, “Anataka kuniaibisha.” Nikamwambia anataka kilicho chake. Kesho yake alivaa nguo ya kanisani.

Basi nikajikuta nimesimama uani, boneti imefunguliwa, mbele ya wapakiaji, mchomaji, fundi Mganda, na majirani walionusa kwamba kuna jambo. Mzee na mkewe walikuwa wamekalia viti viwili mbele, kama wageni wa harusi. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya koili na distributa, na nilipoona nyuso zile yakanikimbia yote. Nikamgeukia mchomaji.

“Furuni yako unaiwasha vipi?”

“Kuni pembe hii, kuni pembe ile,” akasema, akishangaa kuulizwa.

“Ukiwasha pembe moja tu?”

“Mkate wa huku unaungua, wa kule ni unga mtupu!”

Watu wakacheka. “Na ukilazimishwa kuoka hivyo hivyo, pembe moja?”

“Basi naongeza kuni. Naongeza, naongeza, na bado mkate si mzuri.”

“Ndivyo gari hili lilivyokuwa,” nikasema. “Kila silinda ni furuni yenye pembe mbili za moto, na pembe moja ilikuwa imezimwa mvua yote. Likawa linaongezewa kuni. Kuni zake ni petroli.”

Nilisikia uani watu wakivuta pumzi. Nikawasha injini, wakaisikiliza. Kisha nikamwita mzee mwenyewe aje achomoe waya wa ile koili mpya. Aliinama, akauchomoa. Injini haikuzimika, ila sauti ilishuka, ikawa nyembamba yenye kukwaruza. Mzee akainua kichwa.

“Hii,” akasema. “Hii ndiyo sauti nimeendesha nayo siku zote hizi. Mimi nilisema gari imekuwa zito.”

Akaurudisha waya kwa mkono wake, injini ikainuka. Fundi Mganda akajitokeza bila kuitwa, akasema kosa ni lake, na samahani yake ilikuwa fupi na nzuri. Halafu dada akasimama mbele ya furuni, pale pale aliposimama siku ile.

“Nilisema huyu mzee anaiba petroli yangu,” akasema. “Haibi. Hajawahi. Nilimsingizia mbele yenu, na mbele yenu namwomba msamaha, yeye na mama.”

Ingekuwa mwisho mzuri. Wengine walianza kupiga makofi. Lakini nimeshasema mdomo wa mchomaji haupumziki.

“Na zile chupa je?”

Makofi yakafa. Dada akamkazia macho, lakini swali lilikuwa limeshatoka, na kila mtu alilibeba, hata mimi. Injini ilikuwa imeeleza petroli. Chupa hazikuwa zimeelezwa na mtu.

Mzee akatikisa kichwa kumwelekea mkewe. “Wacha. Kalas.”

Mkewe hakuacha. Alisimama, akairekebisha laawa begani, na akasema kwa Kiswahili cha taratibu, cha mtu anayechagua kila neno.

“Chupa ni yangu. Zilitoka kwa meza yangu zimejaa. Gari ilikuwa inamaliza petroli njiani, na mkate bado haujafika. Yeye aliogopa kuuliza madam tena, juu ya vile madam alikuwa anamwangalia. Anakuja kwangu, anachukua chupa, anamwaga kwa tangi. Jioni anachukua ingine. Mimi nilimwambia, sema. Akasema, nikisema gari inakunywa hivi, watauza gari, na mimi niendeshe nini?”

Nilimtazama dada, nikaona hesabu ikimwingia. Petroli yote aliyoilalamikia haikuwa hata petroli yote. Gari lilikuwa limekunywa zaidi ya alivyojua, na kile cha zaidi alikuwa amepewa na watu aliowaita wezi, chupa baada ya chupa, ili mkate wake ufike.

“Kwa nini hukusema siku ile?” akamuuliza mzee. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

“Siku ile ulikuwa umeniita mwizi,” akasema mzee. “Mwizi akisema, mimi ndiye nakupa, nani anasikia?”

Dada akauchukua ufunguo kutoka pale ukutani ulipokuwa unaning'inia, akaufuta kwa kitambaa chake cha kanisani, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akaupokea, akauliza kama mkate wa Thongpiny umeshapakiwa. Ulikuwa bado. Akawaambia vijana wafanye haraka, hoteli hazingoji, na asisahau mtu kuleta shuka.

Ndipo mkewe akamsogelea dada na kumwomba, kwa adabu kabisa, arudishiwe chupa zake. Alikuwa anauzia chache siku hizi, na chupa nzuri zenye kifuniko kinachokaza si rahisi kupata.

Dada alikuwa amezificha ofisini, nyuma ya mlango, ziwe ushahidi. Nilitaka kumsaidia, akanikataza. Aliingia peke yake, akatoka amezikumbatia zote kifuani, nguo yake ya kanisani ikinuka petroli, akapita katikati yetu sote hadi kwa yule mama, akazirudisha moja moja.